Unatafuta ndani ya nini? Kwa wakutubi wa vyuo

Visanduku vya kutafutia vimefanana mno siku hizi. Cha katalogi ya maktaba, cha Google, cha PubMed (kanzidata ya makala za tiba) na cha ChatGPT vyote ni mstari mweupe unaosubiri maneno, na mwanafunzi huviandikia vyote kwa namna moja: sentensi nzima, kama anavyomwandikia mwenzake WhatsApp. Akikosa anachotaka, huja dawatini na kusema hakuna kitu. Akipata, mara nyingi hajui alichopata kimetoka wapi.

Nyuma ya visanduku hivyo kuna mashine za aina tatu, na kila moja hulielewa swali kivyake. Ya kwanza hulinganisha: huchukua herufi ulizoandika na kuangalia kama zipo mahali fulani kwenye rekodi. Ya pili hupanga: hukusanya kurasa chungu nzima, ikakisia zipi zitakufaa, ikazitanguliza. Ya tatu hutunga: huandika jibu jipya, neno baada ya neno. Mbinu nyingi za utafutaji tunazofundishana kwenye warsha ni sahihi kwa mashine moja na hazina maana kwa nyingine, na ndiyo sababu watu hutoka warshani na karatasi nzuri isiyowasaidia wakirudi kazini. Swali la kwanza dawatini liwe hilo la kwenye kichwa cha makala haya. Mbinu zije baadaye.

Mashine inayolinganisha

Katalogi ya maktaba na kanzidata za majarida zimo katika kundi hili. Muundo wa rekodi tunaoutumia hadi leo, MARC, ulibuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Henriette Avram, ili kompyuta iweze kusoma kilichokuwa kikiandikwa kwenye kadi. Mantiki yake haijabadilika: mashine huona kile tu ambacho mkatalogi alikiandika, tena hukiona katika sehemu ile tu alimokiandika. Kitabu kinaweza kuwa rafuni mbele ya macho yako na bado katalogi ikaapa hakipo.

Chukua msimbo wa lugha. Katika sehemu ya 008 ya rekodi ya MARC, nafasi ya 35 hadi ya 37, huandikwa herufi tatu zinazotaja lugha ya kitabu. Kiswahili ni swa. Sasa, maktaba nyingi hunakili rekodi kutoka nje, au hufungua kiolezo ambacho tayari kimejazwa eng, na anayekatalogi akiwa na rundo la vitabu mezani hapagusi pale. Riwaya ya Kiswahili inaingia kwenye mfumo kama kitabu cha Kiingereza, na msomaji akitumia kichujio cha lugha haioni. Muhula ukiwa haujachangamka, toa ripoti ya vitabu vyote vyenye namba 496.392 na 896.392, yaani lugha ya Kiswahili na fasihi yake katika mpangilio wa Dewey, kisha ukague msimbo mmoja mmoja. Vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza kuhusu Kiswahili vibaki eng. Vilivyoandikwa kwa Kiswahili ndivyo vya kurekebisha. Inachosha, lakini sijui kazi nyingine ndogo ya katalogi inayolipa upesi kama hiyo.

Majina ya waandishi nayo yana vituko vyake. Shaaban Robert utamkuta kwenye katalogi nyingine chini ya "Robert, Shaaban" na kwenye nyingine chini ya "Shaaban Robert", wakati mwingine yote mawili ndani ya katalogi moja, kila jina na vitabu vyake. Huyo ni mwandishi ambaye kila mtu anamjua. Kwa wasiojulikana sana, Mohamed, Muhammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja aliyekatalogiwa na watu watatu. Dawa yake ni faili la majina yaliyosanifishwa: chagua umbo moja, halafu weka marejeo ya "tazama" kutoka maumbo mengine. Kabla dawa haijafika, anayetafuta atumie jina moja lililo adimu zaidi pamoja na neno moja la kwenye kichwa cha kitabu, asiandike jina zima.

Maneno AND, OR na NOT yanatokana na mantiki ya George Boole, mwanahisabati wa Kiingereza wa karne ya 19. AND hupunguza matokeo, OR huyaongeza, NOT huyatoa. Kinachowachanganya wanafunzi ni OR. Mtu akikuuliza "chai au kahawa?" anataka uchague kimoja, kanzidata ukiiambia chai OR kahawa, itakuletea yenye chai, yenye kahawa na yenye vyote viwili. NOT ndiyo ya kuogopwa. Anayetafuta habari za Tanzania akaandika NOT Kenya atakuwa ametupa makala yote yanayolinganisha nchi hizo mbili, na pengine hayo ndiyo aliyoyahitaji. Ukichanganya AND na OR, weka mabano kuzunguka maneno ya OR. Na uyaandike maneno yenyewe kwa herufi kubwa, kwa sababu mifumo kama PubMed haiyahesabu kuwa amri yakiwa madogo.

Kisha kuna kinyota, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo miongozo tunayoiazima kutoka vyuo vya Ulaya na Marekani inapotuacha njiani. Kinyota huwekwa mwishoni mwa shina la neno ili kuleta viambishi vyote vinavyofuata. Kwa Kiingereza, teach* hukuletea teacher, teachers na teaching kwa mpigo mmoja. Kiswahili hakijajengwa hivyo. Neno letu hubadilika mbele: mkulima, wakulima, kilimo, kulima, ukulima. Herufi mbili za kwanza tu zinatosha kuyatenganisha yote, na kinyota cha mwisho hakiyagusi. Andika fundish* utapata fundisha na fundisho, lakini utakosa kufundisha, mafundisho na ufundishaji. Mifumo mingi hairuhusu kinyota kiwe mwanzoni, kwa hiyo hiyo nayo si njia.

Kinachobaki ni kuyaandika maumbo yenyewe na kuyaunganisha kwa OR: (mkulima OR wakulima OR kilimo OR kulima). Umoja na wingi uandike vyote: ugonjwa OR magonjwa, mtoto OR watoto, jarida OR majarida. Kwa idara zinazotumia sana maandishi ya Kiswahili, kama elimu, fasihi, sheria na habari, inafaa maktaba iwe na jedwali lake la mafungu ya maneno ya namna hii, kila fungu likiwa tayari kunakiliwa na kubandikwa kwenye kisanduku. Jedwali hilo hulipati kwa mchapishaji yeyote wa kanzidata. Litatoka kwetu.

Wanaotumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, wakague jambo moja zaidi. Mfumo huo huria, ulioanzia New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, hutoa toleo jipya kila Mei na kila Novemba. Namba kama 23.11 au 24.05 ni mwaka na mwezi wake. Katika mipangilio yake ya utafutaji kuna QueryAutoTruncate, ambayo huongeza kinyota cha mwisho bila mtumiaji kujua, na QueryStemming, ambayo hupunguza neno hadi shina lake. Kanuni za kupunguza maneno zimetungwa kwa lugha zinazobadilika mwishoni. Neno la Kiswahili halipati msaada kutoka kwazo. Baada ya kila sasisho, kabla hamjawatangazia wasomaji, tafuteni maneno kumi ya Kiswahili na kumi ya Kiingereza ambayo majibu yake mnayajua, muone kama idadi imebadilika.

Msamiati wa kanzidata na msamiati wa mtaani

Mashine inayolinganisha hukutaka uandike neno ililozoea, si ulilolizoea wewe. Mwanafunzi wa uuguzi anajua kichocho. Mwalimu wake anasema bilharzia. PubMed, ambayo hutumia orodha ya maneno sanifu ya tiba iitwayo MeSH, imeziweka makala hizo chini ya Schistosomiasis. Ukiandika maneno ya kawaida ya Kiingereza, PubMed hujaribu kuyatafsiri yenyewe hadi kwenye neno sanifu. Lakini ukiyafunga kwa alama za nukuu au ukaweka kinyota, tafsiri hiyo huzimika. Wengi hawajui hili. Huongeza nukuu na vinyota wakidhani wanaboresha swali, kumbe wamekata msaada uliokuwa ukifanya kazi kimyakimya. Ukitaka kuona PubMed imelielewaje swali lako, fungua utafutaji wa kina na usome maelezo ya historia ya utafutaji. Humo mtaalamu na mbabaishaji hutengana.

PubMed yenyewe imebadilika. Sura mpya ilishika nafasi ya ile ya zamani mwaka 2020, na kinyota kikaondolewa kikomo cha idadi ya maneno kinachoweza kuleta, mradi kitanguliwe na herufi nne au zaidi. Mwaka 2022 ikaongezwa njia ya kutafuta maneno yaliyo karibu: "malaria pregnancy"[tiab:~3] huleta makala ambazo maneno hayo mawili yapo kwenye kichwa au ikisiri (muhtasari wa makala), yakitenganishwa na maneno yasiyozidi matatu, kwa mpangilio wowote. Kwa wahadhiri wanaofanya mapitio ya kimfumo hii ni zawadi. Miongozo iliyochapishwa kabla ya hapo haina habari nayo, kwa hiyo tazama tarehe ya kitini unachogawa.

Mara nyingine njia huenda kinyume, na neno la mtaani ndilo ufunguo. Andika degedege kwenye PubMed, kwa Kiswahili hivyo hivyo, utapata makala za Kiingereza zilizoandikwa na watafiti waliofanya kazi Tanzania. Moja, ya mwaka 1996, inahusu jinsi degedege inavyotibiwa wilayani Bagamoyo. Watafiti hao waliliacha neno kama lilivyo kwa sababu cerebral malaria haibebi kile ambacho mama aliyempeleka mtoto kwa mganga alikuwa na maana nacho. Ndivyo ilivyo kwa ujamaa, mitumba, jua kali, machinga na boda boda katika sayansi ya jamii: haya ni maneno ya utafutaji mazuri kuliko tafsiri zake, kwa kuwa anayeyatumia karibu kila mara anazungumzia kwetu. Shida ni tahajia. Fanya ("boda boda" OR bodaboda), na ("jua kali" OR juakali), usimwamini mhariri yeyote kuwa alichagua moja.

Kwa historia, ongeza majina ya zamani. Anayetafuta Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 akiandika Tanzania pekee anakosa yaliyokatalogiwa chini ya German East Africa, Deutsch-Ostafrika au Tanganyika. Anayesoma habari za Kongo kati ya 1971 na 1997 asisahau Zaire.

Mashine inayopanga

Google haifanyi mambo hayo. Haikuahidi kwamba kila neno uliloandika litakuwapo kwenye ukurasa inaokuletea. Inakisia nia yako, inaongeza visawe, inaacha neno inaloliona si muhimu, kisha inapanga. Kwa hiyo AND huko haina kazi, NOT haielewi kabisa, na kinyota cha mwisho wa neno hakikati shina. Yanayofanya kazi ni machache: alama za nukuu kwa maneno yanayofuatana, OR ya herufi kubwa, alama ya kutoa iliyogusana na neno usilolitaka, site: kwa tovuti, filetype: kwa aina ya faili, intitle: kwa kichwa cha ukurasa, na before: na after: kwa mwaka.

Mengine yamekufa, ingawa bado yamo kwenye vitini. Alama ya kujumlisha iliondolewa mwaka 2011, na mwaka huo huo ikaletwa "Verbatim" ndani ya menyu ya "Tools", ambayo huilazimisha Google iache kubadilisha maneno yako. Alama ya wimbi ya kuleta visawe ilitoweka 2013. Kubwa zaidi kwa maktaba ni kuondolewa kwa nakala zilizohifadhiwa na Google, zile za cache:, mwaka 2024. Wengi wetu tulizitumia ukurasa wa wizara ulipokuwa hewani jana na leo haufunguki. Sasa mahali pa kwenda ni Wayback Machine ya Internet Archive, na tangu Septemba 2024 Google yenyewe imeweka kiungo cha kuelekea huko ndani ya maelezo ya ziada ya tokeo. Usikae kusubiri ukurasa ufe, lakini. Ripoti ya serikali ambayo wanafunzi wako wataihitaji mwaka ujao, iombe Wayback Machine iihifadhi leo. Huhitaji kulipa chochote.

Kwa site: kuna mtego wa kwetu. Tunafundisha kwamba site:ac.tz huleta vyuo vya Tanzania na site:go.ke huleta serikali ya Kenya, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Kenya iko knbs.or.ke. Hukumu na sheria ziko kenyalaw.org na tanzlii.org. Anayefunga utafutaji ndani ya go.ke anaziacha nje takwimu za nchi nzima bila kujua, na Google haimwambii. Maktaba iwe na orodha ya anwani hizi zisizofuata kanuni, na mtu mmoja wa kuikagua kila mwaka.

Tangu Mei 2024 juu ya matokeo kumeanza kutokea muhtasari uliotungwa na akili mnemba, kwanza Marekani kisha nchi nyingine. Mwezi huo huo kikaletwa kichujio cha "Web", kinachobakisha viungo vitupu vya kurasa kama zamani. Wafundishe wasomaji kukitumia. Idadi ya matokeo ambayo Google hutaja nayo ni makadirio tu; mwanafunzi asiiandike kwenye tasnifu kama ushahidi wa lolote.

Google Scholar, iliyoanza Novemba 2004, ni ndugu wa Google kuliko ilivyo ndugu wa PubMed. Haina kinyota cha shina, haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikisema yapo laki moja, na hakuna orodha ya wazi ya majarida iliyonayo. Majarida ya kitapeli yamo pamoja na mazuri. Nguvu yake iko chini ya kila tokeo. "Cited by" hukuonyesha waliokuja baadaye wakaitaja kazi hiyo, nayo ndiyo njia fupi ya kutoka kwenye makala ya 2009 hadi mjadala wa sasa. "All versions" mara nyingi huwa na nakala ya bure iliyowekwa na mwandishi kwenye hazina ya chuo chake. Na kwenye mipangilio kuna "Library links": maktaba ikijisajili, mtumiaji anaona jina la chuo chake kando ya makala ambayo chuo tayari kinalipia. Maktaba nyingi zinalipia majarida ambayo wanafunzi wanayakuta Scholar, wanaombwa dola 40, wanaondoka.

Mashine inayotunga

Roboti za mazungumzo hazitafuti kwa maana tuliyoizoea. Mfumo wa lugha umejifunza, kutokana na maandishi mengi mno, ni neno gani huelekea kufuata jingine. Ukiuomba marejeo kumi kuhusu ufaulu wa hisabati shule za msingi Dodoma, unatoa vitu vyenye umbo la marejeo: jina la mwandishi linaloaminika, mwaka, jarida linaloweza kuwapo, kurasa. Umbo ndilo ulilojifunza. Kama makala yenyewe ipo ni suala jingine. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, katika kesi dhidi ya kampuni ya ndege ya Avianca, waliwasilisha mahakamani hukumu zilizotungwa na ChatGPT, na mwezi Juni jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Kwa mada za Afrika Mashariki hatari ni kubwa zaidi, hasa kwa Kiswahili, kwa sababu maandishi yetu mtandaoni ni machache na mashine ina kidogo cha kukumbuka, hivyo inabuni zaidi.

Zana mpya zaidi hutafuta kwanza, ndipo zikatunga juu ya kilichopatikana. Scopus AI, iliyotoka 2024, hufanya hivyo juu ya ikisiri zilizomo Scopus, kanzidata ya makala za kitaaluma. Nyingine hutegemea hazina ya Semantic Scholar, au ya OpenAlex iliyoanzishwa 2022. Hizi zina marejeo ya kweli, na hapo ndipo watu wanapotulia mapema mno. Jibu limejengwa juu ya ikisiri, si makala nzima, na makala ambayo haimo kwenye hazina hiyo haipo kabisa kwa mashine. Majarida mengi yanayochapishwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hayamo Scopus. Kwa hiyo muhtasari kuhusu kilimo cha Mbeya unaweza kuandikwa kwa ufasaha bila kumgusa hata mtafiti mmoja wa Mbeya.

Mwanafunzi akikuletea orodha ya marejeo na wewe ukayashuku, fanya hivi. Chukua DOI, yaani namba ya kipekee ya utambulisho wa makala, ibandike baada ya https://doi.org/ na uone inafungua nini; usiridhike kwamba imefunguka, soma kichwa, kwa kuwa mashine hupenda kubandika DOI halali ya makala nyingine kabisa. Kama hakuna DOI, weka kichwa kizima ndani ya alama za nukuu kwenye Scholar na kwenye utafutaji wa Crossref, shirika linalosajili DOI. Ikishindikana, nenda kwenye tovuti ya jarida, fungua juzuu na toleo lililotajwa, na uangalie ukurasa huo una makala gani. Hatua hii ya tatu ndiyo inayomaliza ubishi. Halafu jihadhari na tokeo la Scholar lililotanguliwa na [CITATION]: lina maana kwamba Scholar imelikuta jina hilo kwenye orodha ya marejeo ya mtu mwingine, haijaiona makala yenyewe. Rejeo la kubuni likishanukuliwa na wavivu wawili watatu, huanza kuonekana humo kama kitu halisi.

Makala ya kweli nayo yaweza kuwa imebatilishwa. Tangu Septemba 2023 kanzidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa, iko chini ya Crossref na ni ya bure kwa wote. Zotero, programu ya kupangia marejeo, huikagua yenyewe na kuweka onyo jekundu kwenye kazi iliyobatilishwa, sababu tosha ya kuwahamasisha wanafunzi waache kuandika marejeo kwa mkono.

Je, mashine inayotunga haina faida dawatini? Inayo, mradi usiiombe marejeo. Iombe visawe: maneno mengine ya Kiingereza ya "wafanyabiashara wadogo wa mitaani", majina ya zamani ya ugonjwa, tahajia za Kifaransa kwa anayetafuta habari za Burundi. Kisha yapeleke maneno hayo kwenye mashine inayolinganisha, ambayo itakuonyesha papo hapo yapi yana kitu na yapi ni hewa.

Isiingie kabisa mahali pamoja: utafutaji unaotakiwa kurudiwa. Mwanafunzi wa uzamili anayefanya mapitio ya kimfumo kwa mwongozo wa PRISMA wa 2020 anapaswa kutaja kanzidata, tarehe na mkakati mzima wa maneno, ili mwingine akirudia apate kile kile. Scholar hubadilisha mpangilio wake, na roboti hujibu tofauti ukiiuliza mara ya pili. Zinaweza kusaidia kuanzia, lakini kwenye sura ya mbinu ziandikwe PubMed, Scopus, AJOL (hazina ya majarida ya Afrika) na mfano wa hizo, pamoja na mkakati ulionakiliwa herufi kwa herufi.

Kuipata makala yenyewe

Kuijua makala na kuifungua ni vitu viwili. Kabla mtu hajatoa kadi ya benki, apitie njia halali zilizopo. Research4Life, mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi zinazoendelea majarida ya kulipia, ina programu tano: Hinari ya afya iliyoanza 2002, AGORA ya kilimo 2003, OARE ya mazingira 2006, ARDI ya sayansi na uvumbuzi 2009, na GOALI ya sheria 2018. Nchi zimegawanywa katika kundi A lisilolipa na kundi B linalolipa kidogo, na anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Muungano wa maktaba za vyuo, COTUL kwa Tanzania na KLISC kwa Kenya, hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wanachama. Mkutubi asiye na orodha ya mwaka huu ya muungano wake anawanyima wasomaji kitu kilichokwisha kulipiwa. AJOL, tangu 1998, ina majarida ya Afrika ambayo kwingine huyaoni. Kiendelezi cha Unpaywall kwenye kivinjari huonyesha kufuli la kijani pale nakala ya bure inapopatikana.

Nywila ya Research4Life isibandikwe ukutani wala kutumwa kwenye kundi la darasa. Mchapishaji akiona faili mia zikipakuliwa kwa dakika chache kutoka akaunti moja, huifunga, na taasisi nzima hukaa gizani wakati wa kuandika tasnifu. Kama chuo kina mfumo wa kuingia ukiwa nje ya kampasi, kila mtu atumie jina lake.

Yote yakishindikana, anwani ya barua pepe ya mwandishi mhusika ipo kwenye ukurasa wa ikisiri, bure kwa kila mtu. Mwandishi kwa kawaida anaruhusiwa kumtumia mwenzake nakala. Ujumbe uwe mfupi: jina, chuo, kichwa kamili cha makala, na inahitajika kwa kazi gani. Mwanafunzi autume kwa anwani ya chuo, si ile aliyoifungua akiwa kidato cha pili.